Edgar Bergen na Mwanasesere Wake wa Mti

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za Edgar Bergen, mtu wa Marekani aliyejipatia sifa kubwa kwa kuzungumza na mwanasesere wa mti aitwaye Charlie McCarthy. Kazi ya namna hii ni ya kutazamwa kwa macho, wala si ya kusikilizwa tu. Lakini Bwana Bergen alipata sifa zake katika redio, mahali ambapo wasikilizaji hawaoni kitu. Jambo hili lastahili kuchunguzwa.

Kwanza tueleze ustadi wenyewe. Watu wa kale walidhani kwamba mtu wa kazi hii husema kwa tumbo, na wengine walimwogopa kama mwenye pepo. Kwa kweli sauti yake hutoka kooni na kinywani kama sauti ya mtu ye yote. Ila yeye huacha midomo wazi kidogo, pasipo kuichezesha, na kazi yote akaifanya kwa ulimi. Herufi zinazomtaabisha ni zile zinazotaka midomo ikutane, kama b, p na m. Kila msomaji aweza kujaribu: aseme neno “baba” bila kukutanisha midomo, naye atasikia “dada”, aseme “mama”, atasikia “nana”. Fundi hujizoeza siku nyingi hata masikio ya watu yasitambue tofauti. Tena huigeuza sauti yake, na papo hapo hukichezesha kinywa cha mwanasesere kwa mkono. Jicho huona kinywa kinafunguka na kufumba, nalo sikio hulifuata jicho.

Bergen alizaliwa mjini Chicago mwaka 1903. Wazazi wake walikuwa wametoka Uswidi. Ustadi huu alianza kujifunza alipokuwa mtoto, kwa kusoma kijitabu kilicholetwa kwa posta. Akiwa bado mwanafunzi alichongewa kichwa cha mti na fundi jina lake Theodore Mack, kwa bei ya dola 35 hivi. Uso wake ulifanywa kwa mfano wa kijana muuza magazeti. Baadaye Bergen aliingia Chuo Kikuu cha Northwestern, lakini akakiacha ili azunguke katika kumbi za michezo, mji baada ya mji.

Maisha hayo yalikuwa ya shida. Sinema zenye sauti zilipoenea baada ya mwaka 1927, watu walizikimbilia, na kumbi za zamani zikaanza kufungwa moja moja. Bergen alilazimika kutafuta riziki mahali pengine. Akamvika Charlie nguo nzuri za jioni, kofia ndefu nyeusi na kioo cha jicho moja, akaenda kuchekesha matajiri katika nyumba za starehe. Huko nyota yake ikang’aa, na tarehe 17 Desemba 1936 akaitwa kusema katika redio, katika kipindi cha mwimbaji Rudy Vallée.

Wengi walistaajabu. Kusema bila kuchezesha midomo kuna faida gani ikiwa hakuna aionaye? Jibu lilikuja upesi. Mwezi wa Mei 1937 Bergen alianza kusikika kila Jumapili jioni katika kipindi kilicholipiwa na wauza kahawa wa Chase and Sanborn, na vipindi vyake viliendelea hata mwaka 1956. Watu hawakumpenda kwa ajili ya midomo yake. Charlie mwenyewe alikuwa akimcheka hadharani kwamba midomo yake yacheza! Walichopenda ni tabia za wale wawili. Bergen alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Charlie alikuwa kijana mjuvi asiyemwogopa mkubwa wala mdogo. Alishindana kwa matusi ya mzaha na mchekeshaji mashuhuri W. C. Fields, akimcheka kwa ulevi na pua yake nyekundu, naye Fields akamtisha kwamba atampasua kwa msumeno. Neno ambalo mtu wa adabu asingethubutu kulisema, mti ulilisema, na watu wakacheka bila kukasirika. Wahenga wetu walisema kwamba kinywa ni jumba la maneno. Bergen alikuwa na majumba mawili, na la pili halikuwa na mlango.

Baadaye aliongeza wanasesere wengine, kama Mortimer Snerd, mjinga wa shamba. Mwezi wa Machi 1938 wakubwa wa sinema mjini Los Angeles walimpa tuzo yao ya Oscar, lakini iliyochongwa kwa mti, na kinywa chake kilikuwa kikicheza.

Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 30 Oktoba, Orson Welles alitangaza katika kituo kingine mchezo juu ya watu wa sayari ya Mars kuishambulia dunia. Mwanzoni mwa mchezo watu waliambiwa kwamba ni hadithi tu. Lakini saa ile ile Bergen na Charlie walikuwa wakisikika, na wasikilizaji wengi walikuwa kwao. Waliohamia kwa Welles baadaye hawakuyasikia maneno yale ya mwanzo, na baadhi yao waliingiwa na hofu, ingawa magazeti ya kesho yake yaliitia habari hiyo chumvi nyingi. Basi katika usiku mmoja sauti zilifanya mambo mawili: huku ziliupa mti uhai, na huku zilileta maadui kutoka mbinguni.

Lakini sauti ile ilikuwa na gharama nyumbani. Binti wa Bergen, Candice, aliyezaliwa mwaka 1946, alikua akiitwa dada yake Charlie. Bergen alifariki mjini Las Vegas tarehe 30 Septemba 1978, siku chache baada ya kutangaza kwamba ataacha kazi. Katika wasia wake alitenga dola 10,000 kwa ajili ya Charlie. Binti yake hakuachiwa kitu. Yeye mwenyewe, ambaye amekuwa mwigizaji mashuhuri, ameeleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2015.

Charlie alipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, akiwa na kofia yake na kioo cha jicho. Hasemi tena. Nasi tusikiapo sauti ya kupendeza katika redio, tuifurahie, lakini tukumbuke kuuliza ni nani aliye nyuma yake, na ni nani anayemngojea nyumbani.