Njaa ya Mtunya na Kipimo cha Kukua Baada ya Msiba

Baina ya mwaka 1917 na 1920 nchi ya Ugogo, ambayo upande wake wa magharibi ni Manyoni katika Mkoa wa Singida wa leo, ilipatwa na njaa iliyoitwa Mtunya, maana yake kunyang'anyana. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Katika Wilaya ya Dodoma ya zama zile, penye watu wapatao 150,000, walikufa kadiri ya 30,000. Jina la njaa hiyo halisemi nafsi ya mtu mmoja ilivyobadilika. Lasema watu walivyotendeana.

Elimu ya nafsi imeshika njia nyingine. Mwaka 1996 Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani walitoa orodha ya kauli 21 za kupima manufaa ambayo mtu huyaona nafsini mwake baada ya msiba: ukaribu na watu, njia mpya, nguvu ya moyo, mambo ya roho, na kuthamini maisha. Kila kauli hupewa daraja tangu 0 hadi 5. Mwaka 2010 orodha ilifupishwa ikawa kauli 10, mbili kwa kila fungu.

Ufupi huo humpunguzia taabu mwenye kujibu, lakini humtwika mfasiri mzigo. Katika fungu la roho, kauli moja ni ya kufahamu mambo ya roho, na ya pili ni ya kuzidi imani ya dini. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili mambo ya roho ndiyo dini; basi mcha Mungu huhesabiwa mara mbili kwa jambo moja. Kadhalika kukua ni neno la mtoto na mmea. Mjane akiambiwa kwamba amekua kwa kufiwa, yamkini ataona anadhihakiwa.

Tena 0 maana yake hapana badiliko. Hakuna daraja la kupungukiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hofu hiyo haina pa kuandikwa. Aliyenusurika Mtunya akawa hamwamini tena jirani, angalihesabiwa sawa na asiyebadilika.

Kwa hiyo kipimo hiki kikipelekwa Singida, hapana budi kila kauli isomwe kwa Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, nao waieleze tena kwa lugha zao, kabla ya kuhesabu lo lote. Pasipo kazi hiyo, daraja kubwa itadhaniwa kuwa ni kupona, na mwenye kustahili msaada ataukosa.