Harufu Iliyogeuka Baada ya Korona

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kongo alithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Wengi walioupata ugonjwa huo walipoteza uwezo wa kunusa. Kwa baadhi yao ulirudi baada ya wiki au miezi, lakini umepotoka. Madaktari huiita hali hii parosimia. Kitunguu kinachokaangwa, kahawa au nyama ya kuchoma hunuka kama kitu kilichooza au kuungua.

Chanzo kiko juu, ndani ya pua. Virusi huharibu seli zinazotegemeza neva za kunusa, na neva zinapoota upya huenda zikapeleka ubongoni habari zisizo sahihi. Mara nyingi ulimi wenyewe ni mzima: unatambua utamu, chumvi, uchachu na uchungu. Ladha nyingine nyingi za mboga tunayolia bukari huletwa na pua.

Hapa Likasi jambo hili laweza kuvunja nyumba. Mume anayesukuma sahani hadhani pua yake inaumwa. Anadhani mke ametia kitu. Wapendwa, kabla ya kutaja sumu au uchawi, muulizeni kama aliugua korona au mafua makali miezi iliyopita, maana virusi vya mafua navyo huleta hali hii.

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha zoezi linalosaidia baadhi ya wagonjwa: kunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi asubuhi na jioni, kwa miezi kadhaa. Chakula kilichopoa huvumilika zaidi. Samaki akaguliwe na mwingine kama ameharibika.