Matrekta ya Kongwa na Kisomo cha Watu Wazima

Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka pori la Kongwa, Tanganyika, ili pastawi karanga. Yaliletwa matrekta yaliyotumika jeshini, na hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni ujuzi. Madereva walifundishwa harakaharaka, vipuri havikutosha, na wapangaji hawakuwa wamechunguza vya kutosha mvua ya Ugogo, eneo hilo la Kongwa, wala udongo wake, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu hata majembe ya trekta yakashindwa. Wagogo, waliouishi ukame huo vizazi na vizazi, hawakuwa na sauti katika mpango. Januari 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikapotea.

Tanzania huru ilianzia upande wa pili, wa elimu. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wakulima wakaanza kushika kalamu baada ya kutua jembe. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa kama theluthi mbili mwaka 1967, walishuka hadi karibu asilimia 10 kwa hesabu za serikali za 1986. Ni kazi ya kujivunia kabisa. Hata hivyo, aliyesoma kijitabu cha kilimo bora cha pamba alirudi shambani na jembe lilelile la mkono, na uchumi ukadorora.

Wapo watakaotaja bei ya mafuta iliyopanda 1973 na 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977 na Vita vya Kagera. Ni kweli, mapigo hayo yaliumiza sana. Lakini hayaelezi kwa nini jembe la mkono liliendelea kuwa zana kuu ya mkulima miaka mingi baada ya mapigo hayo kupita.

Je, kisomo kilikuwa hasara? Hata kidogo. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoingia nchini 2008, ilihitaji mtu wa kusoma ujumbe, kuhakiki kiasi na kujua salio lake, naye alikuwapo. Teknolojia ilikuta elimu imeshatangulia, ikaenea. Kwa hiyo wanaopanga bajeti ya shule na wanaopanga ya zana za kilimo wakae meza moja, kabla trekta jingine halijanunuliwa bila fundi wa kulitengeneza.