Safu ya Lugha: Mfadhili si mdhamini

Siku hizi magazeti huandika kwamba shirika fulani la ng'ambo ni “mdhamini” wa utafiti wa dawa, kwa sababu tu limetoa fedha. Hapana. Mtoa fedha ni mfadhili, kutoka fadhila, neno lenye asili ya Kiarabu, yaani hisani. Mdhamini katoka kwenye dhamana: ndiye anayesimama mahakamani na kusema, huyu akitoroka nidaini mimi. Mpira ndio uliotuvuruga, maana huko anayelipia jezi huitwa mdhamini, na timu ikifungwa hakuna anayemdai.

Kwenye majaribio ya dawa kwa wagonjwa, tofauti hiyo ina uzito. Mdhamini hubeba dhima: huanzisha jaribio, hulisimamia, na mshiriki akidhurika yeye ndiye wa kuulizwa. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza 2009 na kufanyika kwetu Bagamoyo na Korogwe, na Kilifi kwa jirani zetu, lilidhaminiwa na kampuni ya GlaxoSmithKline. Fedha zilitoka kwa kampuni hiyo na kwa shirika la PATH, lililopewa ruzuku na wakfu wa Bill na Melinda Gates. Wakfu ule ulifadhili, haukudhamini.

Kibali nacho ni kingine. Hicho hutolewa na kamati ya maadili, ambayo kitaifa hapa Tanzania iko kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mgonjwa hatoi kibali. Hutoa ridhaa, na anaweza kuiondoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu.