Kuanza Upya Si Kutengeneza

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nimeyaandika maneno hayo ubaoni miaka mingi, lakini sijaona mfano wake ulio wazi kuliko ule wa kompyuta inayojiwasha, ikafika nusu ya njia, ikajizima, kisha ikajiwasha tena na tena bila ya kuchoka wala kujifunza kitu. Nataka kuieleza historia ya jambo hilo kwa sababu ndani yake mna somo linalotuhusu sisi walimu na wazazi, hata wale wasiopata kuigusa kompyuta maishani mwao.

Kwanza, msomaji na ajue kwamba kompyuta inapowashwa haijui lolote. Watu wa Kojani, kisiwa chetu kidogo upande wa mashariki ya Pemba, wanajulikana mwambao mzima kwa kwenda dago, yaani kuhama na vyombo vyao na kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao. Dagoni anayeamka mwanzo humwamsha mwenziwe, na huyo akawaamsha wengine, mpaka chombo kikawa tayari kushuka majini. Kompyuta nayo huamka vivyo hivyo. Programu ndogo iliyomo katika ubao wake huamka mwanzo, ikaitafuta diski. Katika diski huikuta programu nyingine ndogo, ambayo kazi yake ni kukiamsha kiini cha mfumo. Kiini nacho hupewa mkoba mdogo wa zana za safari, ili kiweze kuitambua diski yenyewe na kuufungua mfumo mzima uliomo. Akikosekana mmoja katika msururu huo, walio nyuma yake hawaamki.

Kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981, iliamshwa kwa diski laini. Ilikuwa mwaka 1995 ndipo kampuni za IBM na Phoenix zilipokubaliana kanuni ya kuiamsha kompyuta kwa CD, nayo wakaiita El Torito. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alikuwa ameanza kukitoa kiini cha Linux, ambacho mtu yeyote ana ruhusa ya kukinakili na kukibadilisha. Mambo hayo mawili yalipokutana, mlango ulifunguka. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima unaofanya kazi ndani ya CD bila ya kuigusa mashine. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, jina lililo ndugu wa neno letu utu, na kwa miaka kadhaa CD zake zikapelekwa bure kwa aliyeziomba popote duniani. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili.

Kwetu sisi hilo halikuwa dogo. Hii ni nchi ambayo mwaka 1974 Serikali yake ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Miaka thelathini baadaye, kijana wa kisiwani aliweza kuikata diski kwa kipimo chake, kama fundi anavyokata kanzu.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwalimu aliyetoka chuo cha ualimu, akaletwa katika skuli niliyokuwa nikiiongoza. Mwaka ulikuwa 2009, kabla ya waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010. Tulikuwa na kompyuta tatu kuukuu za msaada, na jenereta ambayo mafuta yake yalitoka katika michango ya wazazi, wengi wao wavuvi. Kijana yule alitengeneza diski yake mwenyewe kutokana na Ubuntu, akatia Kiswahili, mazoezi ya hesabu na maswali ya mitihani iliyopita. Tukaitia diski. Maandishi yakapita, kioo kikawa cheusi, mashine ikaanza upya. Tukangoja. Ikaanza upya tena.

Siku ya tatu wazee wa kamati walikuja kunambia, kwa adabu, kwamba mafuta yanakwisha na mashine hazisomeshi mtu, basi bora ziuzwe. Niliwaomba juma moja. Kijana naye akaniuliza, "Maalim, tuijaribu tena?"

Nilimjibu, "Usiijaribu tena mpaka uniambie safari hii unajaribu nini."

Tangu hapo alifanya kazi kwa utaratibu, akibadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kuliandika daftarini. Aliitia diski yake katika kompyuta ya pili na ya tatu, na zote zikafanya vilevile. Basi ugonjwa haukuwa wa mashine moja. Akatia CD ya asili ya Ubuntu, ambayo haikubadilishwa, ikafunguka vizuri. Basi kisomaji cha diski na kumbukumbu ya mashine vilikuwa vizima. Akalinganisha namba ya uhakiki ya diski na ya faili alilolichoma, nazo zikalingana. Basi uchomaji haukuharibika. Likabaki jambo moja tu: yale aliyoyabadilisha mwenyewe.

Hapo ndipo alipokumbuka mstari mmoja mfupi. Katika maagizo ya kukiamsha kiini alikuwa ameandika kwamba likitokea kosa kubwa, mashine ijiwashe upya baada ya sekunde chache. Aliuweka kwa nia njema, ili mashine zisizo na fundi karibu zijiinue zenyewe. Akaufuta. Safari hii mashine haikuanza upya. Ilisimama, na juu ya kioo pakabaki maandishi yaliyosema kwamba mfumo haukupatikana ndani ya diski. Alikuwa ameweka kiini kipya, lakini mkoba wa zana ulikuwa bado ule wa kiini cha zamani, na zana za mmoja hazimfai mwingine. Alitengeneza mkoba mpya, akachoma diski nyingine, na mashine zote tatu zikafunguka kwa Kiswahili kabla ya juma kwisha.

Jambo la kuangalia ni kwamba kosa lilikuwa likijieleza tangu siku ya mwanzo. Kilicholificha ni ule msaada wa kuanza upya. Na wala si kijana wetu peke yake. Prosesa ya Intel ya 80286 iliyotolewa mwaka 1982, ikipata kosa, kisha la pili katika kulishughulikia la kwanza, kisha la tatu, husalimu amri na mashine huanza upya bila ya kusema neno. Windows XP ya mwaka 2001 ilitoka ikiwa imepangwa kujiwasha upya kila ipatapo kosa kubwa, na maelezo ya kosa yakapita machoni kama radi. Baadaye ikabidi waundaji wake waongeze, katika orodha ya kitufe cha F8, njia ya kuuzuia utaratibu huo ili mtu apate kusoma.

Mimi ni mtu wa chaki, si fundi wa mashine, na niliyoyaona pale niliyapeleka darasani. Ni watoto wangapi tumewarudisha darasa kwa sababu wameanguka mtihani, wakakaa dawati lile lile, wakafundishwa yale yale kwa njia ile ile, na mwisho wa mwaka wakaanguka pale pale? Tuliita huko kuwasaidia. Aghalabu hapakuwa na mtu aliyekaa na karatasi ya mtoto akaisoma, aone kama hajui hesabu au hajui lugha ambayo hesabu imeandikwa. Hao nao tulikuwa tumewaandikia ule mstari mfupi.

Mvuvi wa Kojani aliyeona samaki wamempita hautupi tena wavu ule ule majini. Huutandaza mchangani, akaupitia jicho kwa jicho mpaka akaliona tundu, ndipo akashika sindano. Kazi hiyo haina haraka wala haina sifa, na anayeitazama kwa mbali hudhani mtu yule amekaa tu.