Kugeuza jina la mutoto: baba ambaye hakuoa anapashwa kujua?

Hapa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuna batoto ambao wazazi wao hawakuoana. Mama anaolewa na mwengine, anataka mutoto abebe jina la bwana mupya. Anaweza kwenda tu ku eta-sivili?

Hapana. Kode ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inakataza kugeuza jina, hata namna ya kuliandika, bila ruhusa ya tribinali na sababu ya haki.

Na baba? Kama alitangaza ku eta-sivili kama mutoto ni wake (ndiyo afiliasyo), yeye na mama wako na mamlaka pamoja juu ya mutoto mpaka miaka 18. Mama asifiche adresi yake kwa zuzi, hata kama baba anaishi Chililabombwe. Kama hakutangaza, baba atapashwa kwanza kuonyesha kama ni muzazi.

Afiliasyo si karatasi ya bure: mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa, akitambuliwa baba angali muzima, anariti pamoja na batoto ba ndoa.