Gitaa la besi la kuchapa kwa gumba: Kagua haya kabla ya kulipa

BENDI au kwaya inayochanga fedha ili kununua gitaa la besi yaweza kupoteza akiba ya miezi mingi kwa kosa moja la dukani. Hatari hiyo huongezeka pale mpigaji anapokusudia kutumia mtindo wa slepu, yaani kuchapa nyuzi kwa kidole gumba na kuzifyatua kwa vidole vingine.

Mtindo huo ulienezwa na Mmarekani Larry Graham wa kundi la Sly and the Family Stone mwishoni mwa miaka ya 1960. Awali alipiga pamoja na mama yake bila mpiga dramu, hivyo akatumia gumba kuziba pengo la ngoma kubwa na kidole kuziba lile la ngoma ndogo.

Kwa wakazi wa Tunduma, mkoani Songwe, besi inayosikika mbele si jambo geni. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, muziki wa kalindula ulipata jina lake kutokana na gitaa la besi la kuundwa kwa mikono.

Jambo la kwanza kukagua ni shingo. Mnunuzi alitazame gitaa kutoka upande wa kichwa. Shingo iliyojisokota ikataliwe, kwani ni vigumu kuirekebisha. Kisha kila uzi upigwe katika kila freti, ili kubaini sauti inayokwaruza au kufifia.

Aidha, nyuzi ziwe karibu na shingo, takriban milimita 2 kwenye freti ya 12. Nafasi ya milimita 19 kati ya uzi na uzi, kwenye daraja, hurahisisha kufyatua. Nyuzi za chuma cha pua au nikeli zenye mzingo wa duara hutoa mlio mkali. Zile bapa hutoa mlio mzito.

Miongoni mwa magitaa yaliyojijengea sifa ni Fender Jazz Bass ya mwaka 1960, aina itumiwayo na Marcus Miller, na Music Man StingRay ya mwaka 1976, iliyopigwa na Louis Johnson. StingRay hutegemea betri ya volti 9. Ikiisha, gitaa hunyamaza.

Hata hivyo, jina pekee halitoshi. Gitaa la bei nafuu lenye shingo iliyonyooka na nyuzi mpya hufaa kuliko lenye jina kubwa lakini bovu. Ni busara basi kutenga sehemu ya fedha kwa ajili ya nyuzi mpya na malipo ya fundi.